Baba Hakuwa na Swali

Wiki iliyopita mjukuu wangu Salma alikaa mezani kwangu na daftari lake la Uraia, anajiandaa na mtihani wa kidato cha pili. Feni ilikuwa inampeperushia kurasa. Akaangaza huku na huku, akachukua kigae changu pale rafuni, akakandamizia daftari. Nusura kiteleze kianguke sakafuni. Nilimpokonya kwa ukali ambao hata mimi ulinishangaza.

"Ah, Bibi! Kipande cha chungu kilichovunjika tu hicho. Nilidhani cha kutupa."

"Cha kutupa ni hizo kucha zako za bandia," nikamwambia. "Soma."

Akasoma, amenuna. Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani, na mishale inapanda kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Nikamwuliza shahidi ni nani. Akajibu bila kufikiri kwamba ni mtu anayeieleza mahakama jambo aliloliona. Nikamwuliza tena: je, aliyeona halafu asiulizwe? Akanitazama, akacheka. "Hilo haliji kwenye mtihani, Bibi."

Kweli, haliji. Kwangu lilikuja nikiwa na miaka kama kumi na mitatu, nimevaa sare ya shule, nimesimama mbele ya Liwali wa Ruangwa, na baba yangu mzazi amekaa hatua tatu kutoka nilipo. Sijawahi kulisimulia lote. Watoto wangu wanajua kipande, marehemu mume wangu alijua kipande. Nyinyi wa rika langu, mliosoma wakati wa Mwingereza, mtanielewa bila maelezo mengi.

Mnazikumbuka zile shule za kati? Asubuhi jembe, mchana chaki, na fimbo saa zote. Darasani kwetu wasichana tulikuwa watatu tu, na tulikaa dawati la mbele ili tusisumbuliwe, kumbe ndipo tulisumbuliwa vizuri. Nyumbani kwetu ni Nandagala, lakini siku za masomo nililala kwa shangazi yangu, dada yake Baba, aliyeolewa karibu na shule. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la Utawala. Alilifundisha Mwalimu Kasto, mtu mfupi, kaptula yake imepigwa pasi mpaka inakata, na sauti yake kubwa kuliko mwili. Watu walisema kabla ya ualimu aliwahi kuwa karani wa baraza. Akitamka neno "sheria" alikuwa anasimama kwa vidole vya miguu.

Alituchorea ngazi ubaoni. Chini kabisa Jumbe wa kijiji, anayesuluhisha. Juu yake Liwali na wazee wa baraza. Juu ya Liwali, Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Juu ya Bwana Shauri, mkubwa wa jimbo, na kileleni Gavana na majaji wake. "Mtu akionewa hapa chini," alisema, akigonga ubao kwa fimbo, "anapanda. Siku thelathini anazo. Kupanda huko kunaitwa nini?" Darasa zima: "Rufaa!" Mimi niliitazama ile ngazi kwa tamaa kabisa. Niliamini kwamba haki inakaa juu, na mwenye miguu ataifikia.

Siku moja akatuchezesha kesi. Kesi ya kuku wa Mwalimu Mkuu aliyeibwa. Mwanafunzi mmoja akawa Liwali, mwingine mshtakiwa, mimi nikawa shahidi. Nikaulizwa, "Ulimwona huyu akimkamata kuku?" Nikajibu, nikijiona mjanja, "Hapana, lakini watu wote wanajua ni yeye."

Lo! Mwalimu Kasto aliruka kama amekanyaga siafu. "Watu wote! Wako wapi hao watu wote? Waite waingie! Macho yako yaliona nini? Masikio hayaapi mahakamani, binti, macho ndiyo yanaapa!" Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: SIKUONA, SISEMI. Tukaimba darasa zima mara kumi. Kisha akaongeza ya pili: "Na ukiulizwa habari za kuku, usianze kutaja jogoo. Jibu ulichoulizwa, funga mdomo." Kuanzia siku hiyo jina langu la Somoe likafa. Wavulana waliniita Watu Wote. Nikienda kisimani, Watu Wote huyo. Nikichelewa mstarini, Watu Wote kachelewa. Nililia siku tatu mfululizo kwa shangazi, nikaapa kwamba kosa lile silirudii maisha yangu yote.

Mwaka huohuo Mama alifariki. Sitasema mengi juu ya hilo, kwa sababu nikianza sitarudi kwenye habari ya kigae.

Kwa sisi wa kule, ardhi inafuata upande wa mama. Baba yangu alikuwa mtu wa Lionja, upande wa Nachingwea. Alipomwoa Mama alihamia ukweni Nandagala, kama ilivyokuwa desturi, akapewa mahali pa kujenga na pa kulima. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Mama, na mkubwa wa ukoo alikuwa kaka yake, Mjomba Mchopa. Mimi mwenyewe nilikuwa wa Mjomba kwanza, kisha wa Baba. Nani ataniozesha, nani atasema niende shule au nibaki nyumbani nikachezwe unyago, hayo yote yalikuwa mdomoni mwa Mjomba. Mke akifa, mume anamaliza arobaini, anashukuru, anafunga mizigo anarudi kwao. Ardhi haendi nayo. Lakini mti, wazee walisema, mti ni wa mpandaji. Hata kama umesimama katika ardhi ya mtu, anayeupanda ndiye anayeuvuna, na asipokuwepo atatuma mtu auvune.

Baba alikuwa na mikorosho thelathini. Ilikuwa mikubwa kuliko umri wangu, imejipanga mistari mitano, matawi yameshikana juu mpaka chini hapaoti jani. Msimu wa mabibo, yakianza kuanguka na kuchacha, ile harufu kali tamutamu ilituingia mpaka kwenye shuka. Mpaka leo nikipita penye mabibo yaliyooza, naongeza mwendo.

Basi arobaini ilipokwisha, Mjomba akamwambia Baba aende zake salama, na mikorosho aiache, maana aliyeipanda ni marehemu dada yake. "Wewe ulikuwa Nachingwea na matrekta ya Wazungu wa karanga," akamwambia, "mimi ndiye niliyeipalilia." Na alikuwa na ukweli wake. Baba alikwenda kweli kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga, akakaa misimu kadhaa, na Mjomba aliipalilia kweli. Lakini wakati huo miti ilikuwa imeshazaa zamani. Mtu aliyemsaidia Baba kupanda alikuwa amekufa. Majirani wote walikuwa wa ukoo wa Mjomba, na kila aliyeulizwa alikuwa na kikohozi. Baba akaenda kufungua kesi kwa Liwali.

Alikuja kunieleza kwa shangazi, amekaa kwenye kigoda, anazungusha kofia yake mikononi. Baba hakuwa mtu wa maneno. Alichonitania siku zote ni kuniita Bi Hakimu, kwa ajili ya daftari langu la Utawala, ambalo alipenda kulishika ingawa hakujua kusoma hata herufi.

"Baba, mimi nitakuwa shahidi wako," nikamwambia.

"Wewe kaa na vitabu vyako, Bi Hakimu."

"Lakini Baba, mimi ni wa ukoo wao. Nikisema mimi, watakubali."

"Ndiyo maana nasema ukae na vitabu vyako." Akasimama, akavaa kofia. "Hii ni kesi ya watu wazima, Somoe. Usije."

Nisingekwenda, wallahi. Lakini Jumatano Mwalimu Kasto akaingia darasani ananawiri, akatangaza kwamba kesho yake darasa zima litakwenda barazani kushuhudia kesi ya kweli, amekwisha omba ruhusa kwa Liwali. Nikapiga hesabu ya siku vidoleni. Alhamisi ndiyo siku ya Baba. Ningeweza kusema naumwa tumbo. Sikusema. Nilitaka kwenda, ndiyo kweli yenyewe.

Baraza lilikuwa nyumba ndefu ya bati, kuta zake zinaishia kiunoni. Tulikaa nyuma kwenye sakafu, wanafunzi ishirini na kitu na madaftari magotini. Mbele, Liwali na kanzu yake na joho jeusi, kulia na kushoto wazee wa baraza wanne, karani na kitabu chake, tarishi mlangoni na tarabushi nyekundu. Baba upande mmoja, peke yake. Mjomba upande wa pili, nyuma yake watu wanane au tisa, wote wajomba zangu na mama zangu wadogo. Baba aliponiona katikati ya sare zile uso wake ulibadilika. Alitikisa kichwa kidogo tu, mara moja.

Mjomba alisema vizuri. Tusidanganyane, Mjomba alijua kusema. Akamtaja dada yake marehemu mpaka wanawake wakaanza kujifuta macho. Akasema hataki korosho hata moja kwa tumbo lake, anaitunzia damu ya dada yake mali ile. Na damu hiyo ilikuwa mimi, nimekaa pale nyuma. Baba alisema maneno machache: nilipanda mimi, mwaka wa kwanza baada ya kuoa, kwa mikono hii. Akainua mikono. Liwali akamwuliza mashahidi wako wapi. Baba akawataja ndugu zake wa Lionja. Liwali akatikisa kichwa, "Hao walikuwa Lionja. Mtu wa pale pale huna? Hata mmoja?"

Bati lilikuwa linalia kwa jua. Nikaona shingo ya Baba imeinama, nikaona Mjomba anavuta pumzi ya kuridhika, na mkono wangu ukapanda wenyewe. Mlionyoosha mikono darasani mnajua. Unanyoosha mpaka unasimama.

"Yule mwanafunzi ana nini?" akauliza Liwali.

"Mimi ni shahidi," nikasema.

Mwalimu Kasto aligeuka ghafla. Hakuwa na habari kwamba yule mdai ni baba yangu. Nikasogea mbele nikiruka miguu ya wenzangu, na nyuma yangu nikasikia mnong'ono, "Watu Wote! Watu Wote!" na vicheko vya kubana pua.

Nikajieleza: naitwa Somoe, huyu ni baba yangu, yule ni mjomba wangu. Mzee mmoja wa baraza akapiga goti lake kwa kiganja. "Huyu ni wa ukoo wenyewe wa ardhi, na amelelewa nyumbani kwa mdai. Mnataka shahidi gani tena?"

"Liwali," akasema Baba, na sauti yake ilitoka kavu, "mtoto huyu yuko masomoni. Mwacheni akasome."

"Amejileta mwenyewe," Liwali akajibu. Karani akaniletea msahafu, nikaapa.

"Haya, binti. Ile mikorosho thelathini ya Nandagala. Ilipandwa na nani?"

"Na Baba," nikasema kwa nguvu. Watu wa upande wa Mjomba wakaguna wote kwa pamoja. Mama yangu mdogo aliziba mdomo kwa upande wa kanga.

Mjomba akasimama taratibu. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Liwali. "Muulizeni mtoto wetu, aliona?"

"Ulimwona kwa macho yako akipanda?"

Hapo ndipo nilipomtazama Mwalimu Kasto. Alikuwa amesogea mbele kabisa, macho yamemtoka, midomo yake inacheza. Nyuma yake wavulana wameinua shingo wanangoja nirudie kosa la kuku. Niliuona ubao mbele yangu na herufi zake. Nilikuwa nimeapa, na macho yangu hayakuona. Miti ile ilikuwa mikubwa kuliko mimi.

"Hapana, Liwali. Niliikuta."

"Sasa ulijuaje?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na Baba."

Baraza zima lilicheka, hata tarishi. Mjomba alipiga kofi moja tu, akafungua mikono kuonyesha hana la kuongeza. Mwalimu Kasto naye akafumba macho na kutikisa kichwa polepole, ameridhika. Basi nikajua kwamba nimejibu vizuri, na papo hapo nikajua kwamba nimemmaliza baba yangu. Yote mawili kwa pumzi moja.

Lakini sikuwa nimemaliza. Sikilizeni hapa. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na mkorosho wa thelathini na moja, nje ya mistari, ambao hakuna aliyeuhesabu. Huo nilimwona Baba akiupanda. Nilikuwa na miaka kama mitano, mdogo wangu wa kiume ameshazaliwa, na Baba alinichukua nyuma ya jiko tumpandie mti wake. Mama alikuwa amevunja chungu asubuhi ile. Baba alichimba shimo, akalaza chini kigae cha kile chungu, akaweka udongo, kisha akanipa korosho tatu nizishike mpaka aseme. "Kila mti wangu una kigae chini," aliniambia. "Kinashika unyevu jua likiwa kali. Huku ukweni hawajui mambo haya, sisi wa Lionja ndio tunajua." Mdogo wangu hakufikisha siku arobaini. Mti ulibaki, na hatukuupa jina.

Nilichotakiwa kusema ni hicho tu. Kachimbeni chini ya mti wowote kati ya thelathini, mtakuta kigae. Kilikuwa kwenye ulimi, nakionja. Lakini niliulizwa habari za miti thelathini, sikuulizwa habari za mmoja. Ukiulizwa habari za kuku usianze kutaja jogoo. Mtoto mjinga mimi! Nikasubiri niulizwe, kama tulivyofundishwa, maana Mwalimu alisema kila upande hupewa nafasi ya kumwuliza shahidi.

Na nafasi ikaja. Liwali akamwuliza Mjomba, "Una swali kwa shahidi?" Mjomba akasema hana. Liwali akamgeukia Baba. "Na wewe, mdai, una swali kwa shahidi?"

Baba aliinua uso. Nilimkazia macho kwa nguvu zangu zote. Niulize, Baba. Niulize nyuma ya jiko. Niulize nilishika nini mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama Mjomba, akawatazama wale watu wa ukoo wangu mmoja mmoja, akanirudia tena. Nikaona midomo yake inafunguka.

"Sina swali, Liwali," akasema.

Wazee wa baraza wakainamiana. Haikuchukua muda. Miti ikawa ya ukoo.

Njiani kurudi shuleni Mwalimu Kasto alitusimamisha barabarani, juani, akaniweka mbele ya wenzangu. "Mmemwona shahidi? Baba yake mzazi, na hakusema asichokiona. Huyo ndiye mtu!" Akanipa penseli mpya, ya rangi nyekundu, na wavulana wakanipigia makofi. Jina la Watu Wote likafa palepale. Ile penseli sikuwahi kuichonga. Niliitumbukiza chooni kwa shangazi jioni ileile.

Ijumaa nilikimbia Nandagala. Nilimkuta Baba anafunga mizigo: jembe, panga, mkeka, mto ambao Mama aliushona. Nikaokota kijiti nikamchorea ngazi mchangani, mlangoni pale. Jumbe, Liwali, Bwana Shauri. "Tuna siku thelathini, Baba. Twende kwa Bwana Shauri, tukate rufaa. Nitaandika barua mimi mwenyewe, leo hii." Nilikuwa nasema haraka, nalia, kamasi na machozi pamoja.

Baba alichuchumaa akaitazama ngazi yangu kwa heshima kabisa. Akauliza kila kidaraja ni nani. Kisha akasema, "Mtu akikata rufaa, anakwenda kusema nini huko juu?"

"Anasema hukumu ya chini ilikosea."

"Hukumu ilitokana na nini?"

Nikaongeza kidaraja kingine mchangani.

"Ilitokana na maneno ya mwanangu, na mwanangu alisema kweli. Sasa mimi nipande mpaka kwa Mzungu nikaseme mwanangu alikosea?" Akaifuta ngazi kwa kiganja, taratibu, kama anasawazisha mchanga wa kulalia. "Soma, Bi Hakimu. Imekwisha."

Akaondoka kwenda Lionja. Mimi nikabaki kwa Mjomba, kwa sababu ndivyo ilivyo. Na mjue, Mjomba hakunitesa. Alitembea kijiji kizima akijisifia mtoto wake msema kweli. Walipokuja wazee kuniposa nikiwa darasa la saba, aliwarudisha. "Huyu wa vitabu," aliwaambia. "Huyu tumemwona barazani." Nilimaliza la nane, nikaenda kusomea ualimu, nikafundisha, na uzeeni nimekaa miaka mingi kuwa mshauri katika mahakama ya mwanzo. Mahakimu vijana walikuwa wananicheka kwa sababu ya swali langu moja ambalo sikuacha kumwuliza shahidi yeyote kabla hajashuka: kuna lingine uliloliona, ambalo hujaulizwa?

Nilikwenda Lionja kila likizo. Baba alinipokea, alinichinjia kuku, aliuliza masomo, aliniita Bi Hakimu. Mkorosho wala kesi hatukuvitaja. Mimi niliogopa. Niliamini kwamba siku ile alikuwa amesahau mti wa nyuma ya jiko, au alikasirika hata akakataa kusema na mimi. Nilibeba hayo mawili kwa zamu, mwaka huu hili, mwaka ule lile.

Nilikuwa nimeshazaa mara tatu Mjomba aliponiita Nandagala. Mvua ya upepo ilikuwa imeangusha mkorosho mmoja wa mstari wa mbele, umeng'oka na mizizi yake yote. Mjomba alikuwa mzee sana, anatembelea fimbo. Alinipeleka mpaka kwenye shimo, akanionyesha kwa ncha ya fimbo. Kigae, kimekumbatiwa na mizizi.

"Sisi hatupandi hivi," akasema.

"Najua, Mjomba."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

Aligongagonga kigae kwa ncha ya fimbo. "Mimi niliambiwa ni dada," akasema mwisho. "Niliambiwa, Somoe. Mimi pia sikuona." Akainama kwa shida, akakichomoa kigae mwenyewe, akakifuta kwa shuka lake. "Mpelekee. Mwambie miti yake ipo."

Nikapanda lori kesho yake mpaka Nachingwea, na kutoka pale nikaenda kwa miguu. Baba alikuwa amekaa barazani kwake anasokota kamba, macho yamekwisha ingia ukungu. Nikamwamkia, nikamweka kigae mkononi bila kusema kitu. Alikigeuza, akapapasa ukingo wake kwa kidole gumba, akafika penye alama zilizochorwa na mfinyanzi.

"Hiki chungu tulipewa na mama mkwe," akasema.

Hapo nikapiga magoti. Nikamwambia yale niliyotakiwa kuyasema nikiwa na miaka kumi na mitatu. "Baba, nilikuona. Nyuma ya jiko. Nilikuona ukipanda kwa mikono yako, na kigae nilikiona. Ningesema. Nilikuwa nangoja uniulize."

"Ulishika korosho tatu," akasema Baba. "Ulizibana mpaka mkono ukatoka jasho."

"Kumbe ulikumbuka?"

"Ningesahauje?"

"Sasa mbona hukuniuliza, Baba?"

Alikizungusha kile kigae mkononi. Kisha akanitafuta kwa mkono mpaka akanipata kichwani.

"Swali nilikuwa nalo mdomoni," akasema. "Lakini niliwatazama wale watu wa kwenu, nikamwona mjomba wako anavyokutazama, nikakuona na ile sare yako. Mimi nilikuwa naondoka, Somoe. Wewe ulikuwa unabaki."